Maswali ya Wasomaji: Mbwa, Mwenyewe na Jirani

Ukurasa huu hujibiwa na daktari wa mifugo wa hapa Malindi. Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu zilihusu mbwa, nasi tumechagua sita. Majina ya waandishi yameachwa kwa ombi lao.

Shikamoo daktari. Mwanangu wa miaka saba ameumwa mguuni na mbwa mdogo wa jirani, ambaye hata miezi minne hajatimiza. Jeraha ni dogo, damu ilitoka kidogo tu, tukapaka mafuta ya taa na kufunga kitambaa. Mbwa mwenyewe anacheza kama kawaida, na jirani anasema mbwa mchanga hawezi kuwa na kichaa. Leo ni siku ya pili. Kuna haja ya kwenda hospitali? (Mama, Barani)

Marahaba, mama. Barua yako ilipofika tulikupigia simu siku ileile, na tunaichapisha kwa ajili ya wengine, kwa kuwa karibu kila sentensi yake imebeba jambo ambalo watu wengi hapa huliamini na ambalo laweza kumgharimu mtoto uhai wake.

Kichaa cha mbwa huletwa na virusi vinavyokaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Huingia mwilini kwa kuumwa, kwa mkwaruzo, au mate yanapogusa jicho, mdomo au kidonda, kisha hufuata mishipa ya fahamu polepole hadi ubongoni. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu, ingawa yaweza kuwa wiki moja au mwaka mzima, na katika muda huo wote chanjo inaweza kumwokoa mtu. Ndiyo maana siku ya pili si kuchelewa, lakini pia si siku ya kungoja. Dalili zikishajitokeza, mgonjwa akaanza kuogopa maji na kuweweseka, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na kwamba hadi asilimia 99 ya wagonjwa huwa wameambukizwa na mbwa. Katika kila watu kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Nami nitaongeza nililoliona katika kazi yangu: mtoto aliyeumwa mara nyingi huficha, kwa kuogopa kugombezwa kwamba alimchokoza mbwa. Kwa hiyo mwulizeni kwa upole, na mumkague.

Udogo wa mbwa si kinga. Mbwa hupewa chanjo ya kichaa kwa mara ya kwanza akiwa na umri wa miezi mitatu hivi, kwa hiyo huyo wa jirani yumkini hajachanjwa kabisa. Mafuta ya taa, pilipili, majivu ya manyoya ya mbwa, yote hayo yaacheni. Dawa ya kwanza ni sabuni ya kawaida na maji yanayotiririka, jeraha lioshwe kwa dakika 15 huku mtu akitazama saa, maana sabuni huharibu utando wa mafuta unaovifunika virusi hivyo. Baada ya hapo ni hospitali. Sindano siku hizi hupigwa mkononi karibu na bega, na wazee wanaosimulia sindano nyingi za tumboni wanasimulia ya zamani. Huanza siku ya kwanza ya matibabu, kisha hufuata siku ya 3, ya 7, ya 14 na, katika utaratibu unaotumika sana, ya 28. Jeraha likiwa baya, daktari huongeza dawa nyingine inayodungwa palepale penye jeraha. Ukiambiwa chanjo imekwisha, usirudi nyumbani kungoja iletwe. Uliza inapatikana hospitali gani, na uende huko siku hiyohiyo.

Mbwa asiuawe. Afungiwe mahali salama na atazamwe kwa siku 10. Akibaki mzima siku zote hizo, maana yake mate yake hayakuwa na virusi siku alipouma, na daktari anaweza kuamua kusimamisha sindano. Akifa au akibadilika, ofisi ya mifugo ya serikali iarifiwe mara moja, kwa sababu ubongo wake unaweza kupimwa maabara. Kuhusu jirani, sina la kupamba: mwenye mbwa ndiye anayepaswa kufuatana nawe hospitali, kadi ya chanjo mkononi, na kama kadi haipo, achangie gharama za matibabu bila kuombwa mara mbili. Kenya imejiwekea lengo la kuutokomeza ugonjwa huu kwa binadamu kufikia 2030, chini ya mpango uliozinduliwa 2014, na mpango huo unategemea jambo moja kubwa, yaani mbwa wasiopungua asilimia 70 wachanjwe kila mwaka. Asilimia hiyo haiwezi kufikiwa ikiwa kila mwenye mbwa anadhani wake ni mdogo mno, au ni mpole mno, au hatoki nje ya ua.

Assalaam aleikum. Nina shamba la mahindi na maembe upande wa Gede, na tumbili na nyani wananimaliza. Nataka kufuga mbwa wawili, lakini mama yangu mzazi, ambaye naishi naye, ameapa kwamba mbwa wakiingia yeye atatoka, kwa sababu ya najisi. Nifanyeje? (Mkulima)

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Mimi ni tabibu wa wanyama, si sheikh, na fatwa utaitafuta kwa wenyewe. Lakini kwa kuwa nimelelewa Pwani na kazi yangu imenipitisha katika nyua nyingi za Waislamu waliofuga mbwa bila kuvunja heshima ya mtu, nitakueleza ninachokijua.

Katika madhehebu ya Kishafii, yanayofuatwa na wengi wetu huku, mbwa ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mama yako hajazua chochote. Hata hivyo, Qurani yenyewe, katika Suratul Maida aya ya 4, imehalalisha windo lililokamatwa na wanyama waliofunzwa, na hadithi inayomwonya mtu dhidi ya kufuga mbwa imemtoa katika onyo hilo mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Lako ni shamba. Tena mama anajua, pengine kuliko mimi na wewe, habari ya mtu aliyeteremka kisimani akajaza kiatu chake maji, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake. Suala lililobaki kati yenu, basi, ni mpangilio wa ua.

Kibanda cha mbwa kijengwe shambani, mbali na jiko, mbali na kisima na mbali na kamba ya nguo, kwa kuwa nguo ya kusalia inayoning'inia chini ndiyo inayoleta ugomvi kuliko kitu kingine chochote. Vyombo vyao viwe vyao peke yao, vioshwe kwao, na visiingie jikoni hata siku moja. Anayewalisha awe na kanzu kuukuu au shuka la kazi na viatu vya mpira, avivue kibandani kabla ya kurudi nyumbani. Waulize masheikh pia kuhusu kikavu kukigusa kikavu, kwa maana hukumu yake si sawa na ya mate au unyevu, na wengi hutulia wakishaelezwa hilo. Nimeona nyumba moja huko huko Gede ambako nyanya wa nyumba hakuwahi kumgusa mbwa, lakini kila jioni alikuwa akiuliza kutoka barazani, "Wale wameshakula?", na asipojibiwa hakunyanyua kijiko chake.

Jambo moja la ziada, kwa kuwa uko karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke: usiku wafungie ndani ya ua, na wasizoee kuingia msituni. Mbwa wanaozurura humo huwashambulia wanyama wadogo, akiwemo sengi mwenye makalio ya rangi ya dhahabu, ambaye kwao ni pwani hii tu na msitu huo ndio ngome yake kubwa. Mbwa wa shamba ana kazi shambani.

Daktari, mimi ni mlinzi wa nyumba ya mzungu huku Casuarina. Tajiri wangu alirudi Italia na kuniachia mbwa wawili na pesa za chakula, akasema atarudi msimu ukifunguka. Msimu umefunguka, yeye hajarudi, pesa zimekwisha na simu hapokei. Dume anakula kidogo na hulala langoni mchana kutwa juu ya ndara za tajiri. Je, mbwa huhuzunika kweli, au ni njaa? Na wenzangu wananishauri niwaachie ufuoni wajitafutie. (Mlinzi)

Pole sana, ndugu. Barua kama yako huja kila mwaka, na kila mwaka nakasirika upya, kwa sababu mtu anayeweza kulipa tiketi ya ndege hashindwi kulipa gunia la unga wa mahindi.

Nianze na swali lako la kwanza, ambalo ni la mtu mwenye moyo. Ndiyo, mbwa huhuzunika. Ukoo wake unatokana na mbwa mwitu wa kale (wale waitwao wolf kwa Kiingereza, si mbwa mwitu wa Afrika) waliozoea binadamu zaidi ya miaka 14,000 iliyopita, kabla hatujafuga ng'ombe, mbuzi wala kuku, na katika muda huo mrefu amejifunza kutusoma kuliko mnyama mwingine yeyote. Mwonyeshe kwa kidole mahali ulipoficha nyama, atakwenda huko; hata mtoto wa mbwa huelewa ishara hiyo, ilhali sokwe, aliye karibu nasi zaidi kwa nasaba, hubabaika nayo. Mwaka 2015 watafiti wa Japani walionyesha kwamba mbwa na mwenyewe wakitazamana machoni kwa muda, homoni ya oksitosini hupanda katika miili yao wote wawili, na hiyo ndiyo homoni inayomfunga mama na mtoto wake anyonyaye. Mbwa mwitu waliolelewa na watu walipopimwa vivyo hivyo, hali hiyo haikuonekana. Ndara zile zina harufu ya tajiri wako, na kwa mbwa harufu ni sehemu ya mtu mwenyewe. Mwachie.

Lakini usikimbilie kusema ni huzuni tu. Mbwa anayepoteza hamu ya chakula Malindi, kabla sijauliza habari za moyo wake, mimi humtazama ufizi. Ukiwa mweupe badala ya waridi, fikiria kupe na minyoo. Mpapase nyuma ya masikio, katikati ya vidole na chini ya mkia, ambako kupe hujibanza hadi wakavimba kama punje za kunde, na ukiwakuta wengi, au mwili ukiwa na joto la kupita kiasi, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo, maana homa za kupe humwangusha mbwa mkubwa kwa muda mfupi.

Kwa chakula, huna haja ya vile vya mikebe alivyozoea. Ugali uliochanganywa na dagaa waliochemshwa, matumbo yaliyosafishwa, vichwa vya samaki vilivyopikwa hadi mifupa ikalainika, na mboga kidogo, vitamweka mbwa katika afya njema. Ongea na mwenye bucha asubuhi. Yapo mapande ambayo hayanunuliwi na mtu.

Ufuoni usiwaachie, tafadhali. Mbwa asiyezoea kujitafutia hudhoofika haraka, na yule anayezoea huungana na kundi. Makundi hayo hufukua mayai ya kasa, jambo linalowaumiza kichwa wanaolinda viota upande wa Watamu, na kinyesi chao huacha mchangani vijidudu vya minyoo vinavyopenya ngozi ya mtu anayetembea pekupeku, vikachora njia nyekundu zinazowasha kwa wiki kadhaa. Isitoshe, jike asiyefungwa kizazi hupata joto karibu mara mbili kwa mwaka, hubeba mimba siku zipatazo 63, na baada ya miaka miwili utawakuta wajukuu zake wote mtaani. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya sheria za Kenya, hainyamazii kumshindisha mnyama njaa na kiu. Mwandikie tajiri ujumbe ulio wazi, wenye tarehe, gharama na picha za mbwa, umwombe achague moja kati ya mawili: atume pesa, au atoe ruhusa kwa maandishi ili mbwa wapewe nyumba nyingine. Umtumie pia wakala wake au mtu anayeshika funguo. Maandishi hayo yatakulinda wewe usije ukaambiwa kesho kwamba uliuza mali ya mtu. Na kama yupo wa kumfikishia maneno haya, aambiwe kwamba mlinzi huajiriwa kulinda nyumba. Malezi ya mbwa ni kazi ya pili, nayo ina mshahara wake.

Mbwa wangu anapenda chai ya maziwa, chapati na mifupa ya kuku. Kuna ubaya? Na naweza kumwogesha baharini? (Mwanafunzi, Muyeye)

Chai mnyime, kijana wangu, hasa yenye majani mengi na sukari. Chapati kipande si neno. Mifupa ya kuku iliyopikwa ni hatari kwa sababu hupasuka vipande vyenye ncha vinavyochoma utumbo. Mpe mfupa mkubwa wa ng'ombe ambao haujapikwa, umwondolee ukianza kumeguka. Vitunguu na chokoleti ni sumu kwake. Baharini aoge, akitoka mmwagie maji baridi ya bomba ili chumvi isimwashe, na mtoke alfajiri au jua likishapoa, kwani mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, hupoa kwa kuhema, na mchanga wa saa sita humchoma nyayo. Jaribu kuugusa wewe kwa mkono kwanza.

Jirani yangu hapa Maweni amemfunga mbwa kwa mnyororo mfupi tangu alipomleta. Hubweka usiku kucha, hatulali, na watoto wanaogopa kupita. Baadhi ya vijana wanazungumzia sumu. Tuna haki gani? (Mzee wa mtaa)

Shikamoo mzee. Vijana hao waite leo, usingoje kesho. Sumu inayotegwa kwenye kipande cha nyama haimwulizi anayeila jina. Huila paka, huila kuku, na huila mtoto anayeokota kitu chini akakitia mdomoni. Kumtilia sumu mnyama wa mtu ni kosa la jinai, na atakayeonekana hospitalini au kituoni ni mmoja wa vijana wenu wenyewe.

Mbwa huyo hajazaliwa mkali. Mnyama aliyefungwa pahali pamoja hana njia mbili ambazo kila kiumbe anazo anapoogopa, kusogea mbali au kusogea karibu anuse ajue ni nani, kwa hiyo hubaki na moja tu, kubweka na kurukia. Kila mpitaji akiharakisha hatua kwa woga, yeye huona kubweka kumefaulu, na kesho huongeza. Wahenga walisema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia, nami katika ua nyingi nimeona tabia ya mbwa ikieleza tabia ya aliyemfunga.

Nenda kwa jirani yako wakati wa salama, baada ya magharibi, wewe na mtu mmoja anayemheshimu, msiende kundi zima. Msianze na kelele za usiku. Anzeni na mbwa. Mwambieni kwamba waya uliotandazwa kutoka ukuta hadi ukuta, mnyororo ukaning'inia kwa pete inayoteleza, humpa mbwa nafasi ya kutembea ua mzima bila kufika langoni, na gharama yake ni ndogo. Awe na kivuli, awe na karai la maji lisilopinduka, na jioni atembezwe kwa kamba nusu saa, kwa kuwa mbwa aliyechoka hulala. Akihasiwa, usiku wa kuwaitikia majike wa mbali utapungua pia. Mwulizeni kadi ya chanjo, kwa haki kabisa, kwa sababu watoto wanaopita hapo ni wenu. Akikataa yote, hapo ndipo mnapokwenda kwa chifu na ofisi ya mifugo, mkiwa na maandishi ya tarehe mlizomwendea. Kwa uzoefu wangu, wengi hawafiki huko. Mwenye mbwa mara nyingi naye halali, ila anaona haya kusema.

Nimehamishiwa kazi Lamu, nitapanga nyumba katika mji wa kale. Nina mbwa mkubwa wa kike, miaka mitano, mpole sana. Nitamsafirishaje? (Dada, Ngala)

Dada, kabla ya swali la kumsafirisha liko swali la kumpeleka, na jibu langu si lile ulilolitarajia. Mji wa kale wa Lamu, ulioingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001, ni mji wa punda na paka. Vichochoro vyake vingi ni vyembamba kiasi kwamba punda mwenye mawe ya kujengea akitokea, wapita njia hubandika migongo ukutani au hupanda juu ya baraza mpaka apite. Hebu mtie mbwa wako mkubwa katika picha hiyo, saa ya adhuhuri, watu wametoka udhu, kanzu zimefuliwa, na hakuna nafasi ya shubiri mbili kati ya ubavu wake na nguo ya mzee anayekimbilia sala ya jamaa. Hatamwuma mtu. Lakini kila siku atamfanya mtu arudi nyumbani kubadilisha nguo, nawe hutadumu mwezi kabla majirani hawajaacha kukusalimu. Upole wake hautasaidia lolote, kwa kuwa shida si ukali.

Tena hana pa kukimbia. Nyumba za huko hutazama ndani, ua ni kipande kidogo chenye jua la saa chache, na mbwa wa kimo hicho anahitaji mwendo wa kweli kila siku.

Ninakushauri mawili. La kwanza, tafuta nyumba yenye ua nje ya mji wa kale, hata ikiwa upande wa bara, Mokowe au Hindi, na uvuke kwa boti kwenda kazini kama wafanyavyo wengine. La pili, kama kazi haikuruhusu, mwachie mtu anayemjua, si mtu anayemtaka tu. Akae kwake majuma mawili ungali hapa, umtembelee, uone anakula na analala wapi, kisha mwandikiane nani atalipia chanjo ya kila mwaka. Mbwa wa miaka mitano huzoea makao mapya vizuri akibadilishiwa polepole.

Ukiamua kwenda naye, achanjwe mapema kabla ya safari, umwone daktari wa mifugo wa serikali kuhusu kibali cha kumsafirisha, na usimlishe asubuhi ya kuondoka kwa sababu barabara na boti humtapisha. Mokowe, mngoje boti isiyo na abiria wengi, umwombe nahodha ruhusa kabla ya kushuka gatini, na ukae naye nyuma kabisa, kamba fupi mkononi, shuka lake mwenyewe chini yake.